Mwalimu Bila-Lakini

Ukimsifia wifi yangu kwa kazi yake ya kushona, alikuwa anasema "asante" halafu anafunga mdomo. Basi, imetoka hiyo. Hakusema kitambaa ndicho kizuri, hakusema ni bahati tu, hakusema "aa, wewe nawe unanikuza." Na chumbani kwake, alikokuwa akifundisha wasichana ushonaji, ilikuwa ni sheria: ukiambiwa neno zuri, lipokee kama unavyopokea kikombe cha chai, kwa mikono miwili, bila kueleza. Ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mwalimu Bila-Lakini. Jina lenyewe alipolisikia alisema asante.

Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Kaka yangu alipofariki nilihamia kwa wifi, na watu walidhani tutapigana ndani ya mwezi, kwa sababu mdomo wangu hauna breki na yeye alikuwa na kichwa kigumu. Tulipigana sana tu, lakini hakuna aliyehama. Kazi yangu mle chumbani ilikuwa kupiga pasi nguo zilizokamilika na kushona vifungo, na wasichana waliniita Shangazi. Kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu. Msidhani natia chumvi. Chumvi naweka kwenye mboga.

Msichana akimaliza nguo yake, kulikuwa na kitu tulichokiita kusimama. Anaivaa ile nguo, anasimama kati ya meza ya kukatia na kioo kikubwa, na kila mwenzake anamwambia jambo moja zuri kuhusu kazi yake. Jambo lenyewe lazima liwe la kweli. Wifi hakutaka uongo wa kufurahishana. Alikuwa akisema ukiona pindo limepinda usidanganye kuwa limenyooka, tafuta kilichonyooka useme hicho. Na aliyesimama anamtazama machoni anayemsifia, anajibu "asante," basi. Akichomeka "lakini," au "kidogo tu," au "ni Mwalimu alinisaidia," anarudi mwanzo, na wote wanaanza upya.

Utasema hilo nalo ni somo? Mimi pia nilisema. Nikasema wifi, hawa wamekuja kujifunza kupachika kola na kutia zipu, wewe unawafundisha kusema asante, watoto wa chekechea hawa? Akaniambia ngoja uone. Nikaona. Wasichana ambao sindano ikiwaingia kidoleni wanainyonya damu na kuendelea na kazi, wakisimamishwa hapo wanatafuta mlango kwa macho. Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Redio kwa sababu hazimi. Aliambiwa mikono ya gauni lake imekaa vizuri, akatueleza habari zote za ile mikono tangu alipokosea kupima, akapita kwa fundi aliyemwazima mkasi, akafika mpaka kwa bibi yake aliyekuwa na mabega kama yake. Wifi alikuwa amekunja mikono anamsikiliza. Alipomaliza akamwambia, "Haya, rudi mwanzo." Tulicheka mpaka nikaunguza sketi ya mteja.

Wazazi wengine hawakupenda. Alikuja mama mmoja, mikono kiunoni, akilalamika kwamba binti yake siku hizi akisifiwa hakatai, anasema asante kama malkia, anavimba kichwa. Wifi alimwekea kiti. Akamwuliza kwa upole, je, wewe ukimpa mtu zawadi, naye akaiweka chini na kusema hapana, hii siyo yangu, unajisikiaje? Yule mama akasema anajisikia vibaya. "Basi binti yako ameacha kuwafanyia watu hivyo," wifi akamwambia. Yule mama aliondoka bado amenuna, ila mwaka uliofuata alimleta binti wa pili.

Mimi nilijua somo hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwa kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa fundi bomba, mtu mpole, hana makuu, na neno lake la kila siku lilikuwa "usijisumbue." Ukimwekea chakula, usijisumbue. Ukimfulia shati, usijisumbue. Watu walimpenda kwa hilo. Alipoanza kuugua mapafu hakubadilika. Wifi anampikia supu, yeye anasema ameshashiba. Wifi anataka kumshika mkono aende bafuni, yeye anashika ukuta. Alipolazwa, wifi alikaa kando ya kitanda chake kutwa, naye kutwa alikuwa akimwambia nenda nyumbani ukapumzike, wauguzi wapo, mimi niko sawa. Mwishowe wifi akachoka kubishana, akaenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo. Alikuwa bado yuko bafuni walipokuja kumpigia hodi wamwambie.

Hakulia mbele za watu. Baadaye, tukiwa wawili jikoni, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Wifi, kaka yako hakuniachia hata kumpa maji ya kunywa. Aliogopa kunisumbua siku chache, akanisumbua maisha yangu yote." Tangu hapo ndipo alipoanzisha kule kusimama.

Sasa kuna Wembe.

Huyu msichana alikuja kwetu akiwa mkimya, mwembamba, anatembea kwa kubana ukuta. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo hata sura yake haikumbuki vizuri. Alilelewa na mama mdogo, na huyo mama mdogo, Mungu anisamehe, alikuwa na ulimi mbaya kuliko wangu, tena wangu unajulikana. Kwa huyo mama, sifa ilikuwa ni mlango wa matusi. "Leo umepika vizuri, mwanangu," anasema, na yule mtoto akitabasamu tu, "tofauti na siku zote unapotulisha takataka." Au anamsifia ili amtume mbali. Au anamsifia mbele ya wageni, na wageni wakiondoka anamgeuzia kibao. Mtoto akajifunza kwamba neno zuri likija, ujue nyuma yake kuna kofi.

Kwa hiyo tulipoanza kumsifia, unajua alichofanya? Alifumua. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Mshono wake ulikuwa umenyooka mno, mpaka wifi mwenyewe alikuwa akiupitisha kidole akitikisa kichwa. Lakini ukimwambia tu "hii blauzi imependeza," anaenda kwenye kona yake, anatoa wembe wa kufumulia, na kabla hujageuka blauzi imeshakuwa vipande. Alidhani tunamcheka. Alidhani tumeona kosa na tunamficha, kwa hiyo analitafuta mwenyewe mpaka anaimaliza nguo nzima. Siku ya kwanza aliyosimama mbele ya kioo, wenzake walimwambia mambo mazuri kila mmoja, naye akatazama sakafu. Asubuhi yake tukakuta sketi yote imefumuliwa, uzi umekunjwa vizuri kwenye kibati. Ndipo wakampa jina la Wembe.

Wifi alimvumilia kuliko alivyowahi kunivumilia mimi. Alimnyang'anya wembe, akawa anatunza yeye mfukoni, na kila Wembe alipotaka kufumua ilibidi aje aombe na aeleze kosa liko wapi. Kama kosa hakuna, wembe hapewi. Na kila siku alimwambia jambo lilelile, mpaka mimi pale kwenye pasi nikawa nalijua kwa moyo: "Mtu akikuambia neno, lichukue kama lilivyo. Usilipekue kutafuta kilichojificha. Mimi hapa nikisema ni nzuri, ni nzuri. Nikisema ni mbaya, ni mbaya. Kwangu neno halina bitana." Na kweli, wifi hakuwa mtu wa kusema hiki akimaanisha kile. Hilo nampa.

Mama mdogo alipomfukuza, kwa kisa ambacho hata sikioni kuwa kisa, wifi alihamisha majora ya vitambaa kutoka kwenye chumba cha stoo akaweka kitanda. Hakumwuliza mtu. Mimi nilisema, haya, sasa tutakuwa watatu kugombania choo, nikaenda kumtafutia Wembe shuka safi.

Ilichukua muda mrefu sana. Kisha siku moja alikuja muuguzi wa zahanati ya mtaani kuchukua koti lake jeupe, akalivaa palepale, akajigeuza mbele ya kioo, akauliza nani kalishona. Tukamwonyesha. Akamwambia Wembe kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuvaa koti lililomkaa mabegani namna ile. Cherehani zilisimama. Wembe alikuwa ameshika ukingo wa meza, akamtazama yule muuguzi usoni, akasema, "Asante."

Muuguzi akaenda zake, hajui alichofanya. Wifi aliingia stoo akajifanya anatafuta uzi. Nilimfuata kumtania, nikamkuta amesimama katikati ya majora amefunika uso kwa mikono, nikarudi kwenye pasi yangu.

Baada ya hapo Wembe akawa mkono wa kulia wa wifi. Alimaliza mafunzo, akabaki kufundisha wapya kukata. Kiwanda cha sare, huko mji mwingine, kilimtaka, na wenye kiwanda waliuliza zaidi ya mara moja, alikataa. Hakuwahi kumwita wifi mama, na wifi hakuwahi kumwita mwanangu. Walikuwa wakiitana Mwalimu na Wembe, na wakikaa jioni kushona pindo hawasemi chochote, na mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa niaba ya wote.

Kiharusi kilimpata wifi akiwa kwenye cherehani. Nilimsikia kwanza, maana nilikuwa nimempa mgongo: cherehani ilikuwa inakwenda tu, inakwenda, haipumziki. Nilipogeuka, kitambaa kilikuwa kimeshapita, sindano inadunda kwenye chuma kitupu, na yeye amelala upande juu ya meza, mguu bado uko kwenye pedali. Wembe alizima swichi. Tulimbeba. Hospitali walisema upande wa kulia umepooza. Kinywa kilipinda kidogo, maneno yakawa mazito, ila akili ilikuwa palepale, kali kama zamani.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Wembe alitaka kumwuguza. Alikuwa anataka kweli, unamwona machoni. Anaamka mapema, anachemsha maji, anapika uji laini bila madonge, anauchuja. Anakuja nao kitandani, na wifi yangu, mwalimu wa kupokea, anafumba mdomo. "Naweza mwenyewe." Anachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, uji unamwagikia kifuani, unamwagikia kwenye shuka, yeye anatazama ukuta. Wembe akisogea amfute, anamwambia aende kwa wanafunzi. Akitaka kumwogesha, anasema ameshaoga. Ameoga lini, na nani? Kutwa "usihangaike, Wembe," "acha tu, Wembe," "mimi niko sawa."

Mimi aliniruhusu. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa namwogesha huku namkaripia. Nilikuwa nampakata nikilalamikia magoti yangu, namwambia amekuwa mzito kama gunia la saruji, naye ananijibu ovyo, na kati ya matusi kazi inaisha. Ule haukuwa wema, ulikuwa ugomvi, na ugomvi aliuweza. Upole wa Wembe ndio ulimshinda.

Siku moja nilimtolea uvivu. Nilifunga mlango, nikamwambia, "Unajua umekuwa nani? Umekuwa kaka yangu mtupu. Yuleyule wa kushika ukuta."

Akasema, kwa ule ulimi mzito, kwamba hataki Wembe amwone amejikojolea. Akasema mtoto yule hakuwa na kitu chochote duniani, alikuja kwake kuchukua, na yeye alikuwa na cha kumpa. Sasa hana. "Nikiwa wa kubebwa, nitakuwa nani kwake?" akaniuliza. Nilitaka kumkaripia, nikaishia kumfuta uso, maana alikuwa analia.

Nilidhani maneno yamemwingia. Kumbe wapi. Wiki hiyohiyo Wembe alikuja na beseni la maji ya moto na taulo begani. Mimi nilikuwa nakunja nguo palepale chumbani. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kukunja mkono wa gauni la wifi, taratibu, namna anavyokunja kitambaa cha hariri. Na wifi akamsukuma kwa ule mkono mzima, maji yakamwagika.

"Sikuhitaji," akamwambia. "Nenda kwenye kazi uliyoitwa. Hapa huna chako."

Wembe alibaki amepiga magoti kwenye maji. Akauliza, "Kweli, Mwalimu?"

"Nimeshawahi kukudanganya?"

Wembe akafikiri. Ninyi hamkumwona, mimi nilimwona. Alifikiri kweli, akamtazama machoni vile alivyofundishwa, akasema hapana, hujawahi. Akapangusa sakafu, akaanika taulo. Kesho yake akaja kuaga kwa adabu zote, begi mkononi, akasema kiwanda kimemkubalia. Wifi akamtakia safari njema akitazama dirishani.

Alidhani Wembe atarudi jioni. Hivi ndivyo tulivyo watu tunaokataa, tunakataa tukisubiri kubembelezwa. Jioni ikapita. Wiki ikapita. Wifi hakumtaja, lakini kila asubuhi alinitaka nimchane nywele vizuri na nimvalishe gauni la heshima, nikimwuliza unakwenda wapi, anasema huenda wateja wakaja. Wateja gani? Chumba cha kushonea tulikuwa tumekifunga. Mlango ukitikiswa na upepo ananyanyua kichwa. Mtu akipita uchochoroni na viatu vigumu anasikiliza mpaka vipite. Nilimpigia Wembe simu, akaniuliza hali ya Mwalimu, nikamwambia njoo, akasema ndiyo Shangazi, wala hakuja. Wifi alipungua. Hata ugomvi ulimwisha, na wifi bila ugomvi alinitisha kuliko kiharusi.

Kisha asubuhi moja, nikiwa namfunga vifungo, akasema, "Mwite."

Nilijifanya sijasikia, ili aseme tena. Akasema tena. "Mwite. Mwambie namhitaji."

Nilimwacha na jirani, nikapanda basi la alfajiri. Kiwanda kile ni jengo refu lenye mabati, ndani cherehani zimepangwa safu kwa safu, na kila mtu anashona kitu kimoja tu. Wembe walimpa kola. Mikono ile ya kushona koti zima, imepewa kola, kutwa kola. Msimamizi alimruhusu atoke kidogo, tukakaa kwenye benchi karibu na bomba. Alikuwa amekonda.

Nilimvamia. Nilimwambia mzee wa watu amekulea, amekutolea kitanda, halafu neno moja la mgonjwa unabeba begi? Hukujua kuwa alikuwa anajisemea tu?

"Aliniambia hanihitaji, Shangazi," akasema.

"Na wewe ukaamini?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuamini." Alikuwa anatazama mikono yake. "Kwa mama mdogo hakuna neno lililokuwa na maana yake. Kwa Mwalimu maneno yote yalikuwa nayo. Nikianza kuyafumua maneno ya Mwalimu, nitaamini vipi yale mengine aliyoniambia?"

Alikuwa sahihi. Kama "sikuhitaji" ilikuwa uongo, basi na "ni nzuri" ingeweza kuwa uongo, na msichana huyu alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya hiyo "ni nzuri." Alichagua kuumia kuliko kumwona Mwalimu wake mwongo.

Nikamwambia, "Basi leo amesema anakuhitaji. Na hilo nalo lichukue kama lilivyo."

Aliinamisha kichwa akalia, na wale wanaokuja kunywa maji wakawa wanatupisha. Msimamizi alikataa kumwachia siku hiyo, akasema wanakimbizana na oda, aondoke Jumamosi. Nikarudi peke yangu.

Wifi nilipompa habari aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza alisema nini hasa, nikamwambia yote, hata yale ya kufumua maneno, sikumficha. Kisha akasema nimlishe. Nikachukua bakuli nikaanza kulalamika kama kawaida yangu, akanizuia: nimlishe bila kugomba. Anataka kujifunza. Basi siku zile tukawa tunafanya mazoezi, wanawake wawili wazee, mmoja anatoa kijiko na mmoja anafungua kinywa. Alikuwa anakosea. Anasema "naweza mw..." anajikamata, anajiambia mwenyewe arudi mwanzo. Tulicheka. Nilifurahi siku hizo, siwezi kukana. Alipanga hata atakachomwambia Wembe, akanisomea, na mimi nikamkosoa, nikamwambia ni refu mno, asante inatosha.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kumwamsha, akanitazama kwa heshima akaniuliza mimi ni nani.

Kilikuwa kiharusi cha pili, kimempata usingizini. Daktari alisema hiki kimegusa kumbukumbu, na isitegemewe kurudi. Nilimkasirikia. Nilisimama juu yake nikamkaripia, nikamwambia siku moja tu, wifi, ulishindwa kusubiri siku moja? Akaniomba radhi kwa upole, kama mtu anayemwomba radhi mgeni aliyemkanyaga, na hapo ndipo nilipojua nimempoteza.

Jumamosi Wembe alifika na begi lake. Nilimpokea mlangoni nikamwambia yote nikiwa nimemshika mabega, kwa sababu niliogopa ataanguka. Hakuanguka. Alivua viatu, akanawa mikono, akaenda kuchemsha maji.

Alimwogesha kuanzia uso mpaka vidole vya miguu, akimfunika shuka sehemu anayoimaliza asipate baridi. Wifi hakumsukuma. Akiambiwa nyanyua mkono, ananyanyua ule unaonyanyuka. Akiambiwa geuka, anasaidia kugeuka. Wembe akamvalisha gauni, akamchana, akamkalisha kwa mito, akaleta uji. Wifi akafungua kinywa. Alipokea kijiko baada ya kijiko, akimtazama yule msichana kwa namna mtu anavyomtazama mtu mwema aliyekutana naye njiani.

"Asante, binti," akasema. "Una mikono mizuri."

Kijiko kilisimama hewani.

"Asante," Wembe akajibu.

"Mama yako yupo?"

Wembe alinitazama mimi, kisha akamrudia yeye, akamtazama machoni. "Yupo," akasema.

"Amekulea vizuri. Umwambie."

"Nitamwambia."

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, na majirani wakatoka kuuliza kama tayari amekufa, nikawaambia hapana, bado, yuko ndani anakula. Kupitia dirishani nilimsikia Wembe akimwuliza kama amwongezee kidogo, na wifi yangu akamjibu ndiyo.